Joho la Kirumi na Gwanda la Afrika

Miongoni mwa maneno yanayokubaliwa pasipo kupimwa, moja ni hili: kwamba kazi ya kale ikivishwa mavazi mapya huwa imekaribishwa nyumbani, na ikiachwa katika mavazi yake ya asili hubaki mgeni mlangoni. Neno hili lina sura nzuri. Hupendeza hasa masikioni mwa Mwafrika aliyechoka kuonyeshwa uzuri wa watu wengine. Lakini uzuri wa sura si ushahidi wa ukweli. Tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Juliasi Kaizari, iliyotungwa karibu na mwaka 1599, imepigwa sinema mara kadhaa, na sinema zake mbili zatosha kulipima neno hilo na kuliona pungufu.

Sinema ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1953, ikiongozwa na Joseph L. Mankiewicz. Watu wake wamevaa majoho ya Kirumi, wanatembea kati ya nguzo na ngazi za mawe, na picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Marlon Brando ni Antony, James Mason ni Brutus, John Gielgud ni Cassius. Sinema ya pili ilitoka Uingereza mwaka 2012, ikiongozwa na Gregory Doran wa Royal Shakespeare Company, nayo ikaonyeshwa na televisheni ya BBC. Wachezaji wake wote ni watu weusi: Paterson Joseph ni Brutus, Cyril Nri ni Cassius, Ray Fearon ni Antony. Roma yake ni nchi ya Afrika ya zama hizi, na mahali pa majoho pametwaliwa na suti na magwanda ya askari. Husemwa kwa wepesi kwamba ile ya 1953 ni ya Wazungu na hii ya 2012 ni ya Waafrika. Hukumu hiyo ni ya pupa. Ile ya kale humheshimu mtazamaji wa Afrika kuliko hii mpya, na zote mbili zimeupita mlango ambao Mwafrika mmoja alikuwa amekwisha kuufungua.

Hukumu ya mambo haya haifai kuachiwa London, wala haifai kumalizwa katika kumbi za vyuo vikuu. Kama sinema yadai kumkaribisha Mwafrika, na atafutwe Mwafrika mwenyewe pale alipo. Mathalani na afikiriwe mkulima wa Chunyu, katika Wilaya ya Ruangwa, jirani ya Nachingwea, kusini ya Tanzania. Mtu wa korosho na ufuta, ambaye hakumhitaji Shakespeare ili ajue maana ya uongozi, usaliti na maneno matamu ya mkutanoni. Swali ni hili: kati ya sinema hizi mbili, ipi inamwendea mtu huyu kama mwenye akili, na ipi inamtumia kama pambo?

Kwanza yapasa kukumbuka tamthilia yenyewe yauliza nini. Kaizari amerudi na ushindi. Katika sikukuu ya Warumi ametolewa taji mara tatu, na mara tatu amelikataa. Hapana ajuaye kwa yakini kama amelikataa kwa moyo au kwa hila. Brutus, rafiki yake, anakesha akijihoji. Anakiri kuwa hana kisasi naye. Anakiri pia kuwa hajamwona bado akiongozwa na jeuri badala ya akili. Hata hivyo anaamua kuwa auawe, si kwa alilolifanya, bali kwa analoweza kulifanya akivikwa taji. Hapo ndipo moyo wa mchezo ulipo. Je, ni halali kumwua mtu kwa kosa la kesho? Na je, wauaji wenye nia safi wataweza kuilinda nchi wanayodai kuiokoa? Jibu la swali la pili laonekana jukwaani: vita, kisasi, na njia iliyofunguliwa kwa utawala wa mtu mmoja, jambo lile lile lililokimbiwa. Jibu la swali la kwanza Shakespeare amemwachia mtazamaji.

Sinema ya 1953 ililiacha swali hilo mahali pake. Wengi huiita sinema ya kikale kwa sababu ya majoho, nao husahau kwamba ilitoka miaka minane tu baada ya kuanguka kwa Hitler na Mussolini. Mtayarishaji wake, John Houseman, alikuwa mwaka 1937 ameshirikiana na Orson Welles kuucheza mchezo huu huu jukwaani New York, wachezaji wakiwa wamevikwa magwanda ya kifashisti. Kwa hiyo fikra ya kuvisha mavazi mapya haikuwa ngeni kwake. Aliijua, alikwisha kuitumia, na safari hii aliiacha. Badala yake picha ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, ili umati na majukwaa ya Roma yawakumbushe watu zile picha za habari walizoziona katika miaka ya vita. Hamna askari wa Kijerumani ndani yake, wala bendera yo yote ya karne ya ishirini. Aliyewahi kuwaona madikteta wakihutubia alifahamu. Asiyewahi kuwaona aliiona Roma, na Roma ikamtosha.

Adabu hii ya kusema na kunyamaza si ngeni kwa Waswahili. Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Malenga aliyetaka kumsema mkubwa hakulazimika kumtaja kwa jina wala kwa kilemba chake. Aliweza kumsema simba, au papa, au mti wenye kivuli kibaya. Kazi ya kufumbua aliachiwa msikilizaji, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Joho la Kirumi katika sinema ya 1953 ni fumbo la namna hiyo. Laweka nafasi kati ya mtazamaji na jambo, na katika nafasi hiyo akili hutembea. Antony akisha kuuchochea umati huugeuzia mgongo, na kamera humwonyesha mtazamaji uso ambao umati hauuoni, uso wa mtu anayesikiliza kama maneno yake yameshika moto. Mtu ye yote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara hufahamu anachokitazama. Haambiwi mtu huyo ni wa nchi gani. Humtambua mwenyewe.

Haisemwi kuwa sinema hiyo haina lawama. Roma yake ni ya watu weupe watupu, ilhali Roma ya kweli ilikuwa mji wa dola iliyoizunguka Bahari ya Kati, Afrika ya Kaskazini ikiwamo. Tena hata ukale wake ni wa kuchaguliwa. Wachezaji wa Shakespeare mwenyewe walicheza zaidi kwa mavazi ya Kiingereza ya siku zao, na katika tamthilia hii saa yagonga mjini Roma karne nyingi kabla ya saa za kugonga kubuniwa. Joho basi si amri ya mtungaji. Lakini ni uchaguzi unaokiri ugeni wake. Mgeni anayekiri kuwa mgeni huweza kupewa kiti na kusikilizwa. Mgeni anayejidai mwenyeji huwatia wenyeji mashaka.

Sinema ya 2012 ni mgeni wa namna hii ya pili. Sifa zake zisifichwe. Iliwapa wachezaji weusi wa Uingereza nafasi kubwa ambazo kwa muda mrefu watu wa rangi yao walipewa kwa kipimo, nao walizitenda kwa ustadi. Nia ya Doran haikuwa mbaya pia. Alivutwa na habari ya kitabu cha Shakespeare kilichosomwa na wafungwa wa Robben Island, kikiwa kimefichwa chini ya jalada la kadi za sikukuu ya Kihindi. Katika kitabu hicho Nelson Mandela alitia sahihi yake, tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ambayo kwayo Kaizari aidharau hofu ya mauti.

Lakini ushahidi huo wamgeukia aliyeuleta. Mandela hakuhitaji Kaizari avikwe nguo za Kiafrika ndipo amfahamu. Aliyasoma maneno ya Mrumi, yaliyotungwa na Mwingereza, katika gereza la serikali ya makaburu, akajiona mwenyewe ndani yake. Fumbo lilimfikia likiwa fumbo, naye akalifumbua. Ikiwa mfungwa nyuma ya kuta aliweza, kwa nini idhaniwe kwamba mtu huru wa Chunyu hataweza mpaka aonyeshwe gwanda?

Kosa la kwanza la sinema hiyo ni kulijibu swali kabla halijaulizwa. Kaizari wake, aliyechezwa na Jeffery Kissoon, yuko katika umbo la dikteta wa Kiafrika ambaye magazeti ya Ulaya yamemzoea, na sanamu yake kubwa yasimama juu ya watu. Mtazamaji hana haja tena ya kujihoji kama mtu huyu atakuwa jeuri akipewa taji. Vazi limekwisha kumhukumu. Basi usiku wa mashaka wa Brutus wapoteza uzito wake. Aliyekuwa akipima uhai wa rafiki dhidi ya uhuru wa nchi amekuwa mtu anayekawia tu kufanya jambo lililo wazi. Tamthilia iliyokuwa mizani imekuwa nyundo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Roma ya Shakespeare ina jina. Ina mto wake, sikukuu zake, baraza lake, na historia yake ya kuwafukuza wafalme, na mambo hayo yote ndiyo yanayompa Brutus sababu ya kuogopa taji. Afrika ya sinema ya 2012 haina jina, haina mto, haina katiba, haina kumbukumbu. Ni Afrika ya jumla. Mtabiri, ambaye katika tamthilia ni sauti ya mtu mmoja katika umati yenye maneno machache, amegeuzwa mganga aliyepakwa rangi mwilini, kana kwamba Roma yenyewe haikuwa na waaguzi wake waliotazama matumbo ya wanyama. Kiingereza cha Shakespeare husemwa kwa lafudhi inayoitwa ya Kiafrika, na mwenye kusikiliza hawezi kusema ni ya watu wa wapi. Sehemu ya picha ilipigwa katika jengo la maduka lililoachwa kaskazini ya London. Bara zima limetwaliwa likawa pazia la nyuma.

Watu wa Nachingwea na jirani zao waijua Afrika ya jumla tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Zililetwa mashine, reli ikalazwa kutoka pwani ya Mtwara, na maneno mengi yakasemwa juu ya faida ya Waafrika. Vilivyosahauliwa ni udongo, mvua, na wenyeji walioujua udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Kosa halikuwa uchache wa fedha wala wa bidii. Kosa lilikuwa kuiona nchi ya watu kama uwanja mtupu ambao mwenye fikra yake aweza kuipanda pasipo kuuliza. Sinema ya 2012 haikupoteza mali ya namna hiyo, wala haikumnyang'anya mtu shamba. Lakini kilimo chake ni kile kile. Ilileta mbegu yake na mashine yake, ikaiita ardhi Afrika, isiulize ni ardhi gani.

Atakuwapo wa kujibu kwamba Afrika imekuwa na madikteta kweli. Idi Amin alitwaa Uganda kwa nguvu mwaka 1971 akaitawala mpaka 1979. Bokassa alijivika taji la ukaizari mwaka 1977 katika Afrika ya Kati. Je, yaliyotendeka yafichwe? La, yasifichwe. Yatajwe, na yatajwe kwa majina yake. Sinema juu ya Amin na imwonyeshe Amin, na Kampala, na Waganda waliouawa na waliompinga. Lakini kumchukua Amin, kumfuta jina, kumpa maneno ya Kaizari na kuliita jambo hilo Afrika, si ujasiri wa kusema kweli. Ni kuwabebesha watu wa nchi hamsini na zaidi mzigo wa watu wachache, kisha kuwaambia kwamba mzigo huo ndio kioo chao.

Tena kioo hicho chaficha mengi. Mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kushika urais wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa fasiri yake ya tamthilia hii katika Kiswahili. Mtu aliyeitwa Julius, aliyekuwa na madaraka ya nchi mkononi, alikaa akawaandikia wananchi wake kisa cha Julius aliyeuawa kwa kudhaniwa kuwa apenda madaraka kupita kiasi. Januari 1964 askari wa jeshi lake waliasi Dar es Salaam. Mwaka 1969 alitoa fasiri hiyo tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka 1985 alitoka katika urais kwa hiari yake, akiwa hai na bila ya kisu. Afrika ya jumla haina nafasi ya mtawala wa namna hiyo. Wala haina nafasi ya wananchi ambao yeye aliwadhania kuwa wanaweza kusoma kisa kama hicho na kukipima wenyewe.

Hapa ndipo ulipo ule mlango. Nyerere hakumvika Brutus kanzu, wala hakuihamisha Roma akaipeleka Dodoma. Alikiacha kisa katika mji wake na majina yake, naye akabadilisha kitu kimoja tu, nacho ni kikubwa kuliko vyote: lugha. Aliandika mistari isiyo na vina katika lugha ambayo washairi wake walizoea kudai vina na mizani, akastahimili lawama ya jambo hilo, kwa kuwa aliamini kwamba utajiri wa lugha huongezeka kwa kutumiwa katika kazi mpya. Nguo ya kuazima haisitiri, wasema wahenga. Lakini neno likisha kufasiriwa vema si la kuazima tena. Sinema ya 1953 haikuweza kumfaidi, kwa kuwa ilimtangulia kwa miaka kumi. Sinema ya 2012 haina udhuru huo. Ilipotaka Kaizari wa Kiafrika, Kaizari huyo alikuwapo kitabuni kwa karibu miaka hamsini; nayo ikachukua mavazi, ikaacha maneno.

Na mtu wa Chunyu, angeyapata maneno, angekuwa na mengi ya kuyapimia. Katika miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea. Februari 1969 kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu. Baada ya kifo chake uongozi ulishikwa na watu watatu kwa pamoja, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Nao utatu huo haukudumu, na mwaka 1970 Machel akawa rais wa chama. Katika tamthilia pia, Kaizari akisha kufa, nchi yashikwa na watu watatu, na mtazamaji aona kuwa watatu hao hawatadumu. Mambo haya hayafanani kwa kila hali. Mondlane hakuuawa kwa kutaka taji, na si haki kumtafutia Brutus kwa nguvu. Lakini ndiyo namna fumbo lifanyavyo kazi: hutoa swali, na kila mtu hulipeleka kwenye historia anayoijua. Jirani ya Chunyu palipita historia yenye majina, tarehe na makaburi. Sinema iliyodai kuleta Afrika ilimletea pasipo jina.

Wako wasemao kwamba Kiswahili cha tamthilia hakifai kwa picha, na kwamba watazamaji wa vijijini hawana subira ya maneno mengi. Hao hawajakaa katika mabanda ya video. Humo kwa miaka mingi sinema za Kichina, Kihindi na Kimarekani zimefasiriwa kwa sauti ya mtu mmoja asimuliaye juu ya picha, na Dar es Salaam ilimpata bingwa wa kazi hiyo aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Watu hawakuzikataa picha hizo kwa ugeni wa mavazi. Walizipenda zilipotiwa maneno. Hawakudai shujaa wa Hong Kong avishwe msuli. Walidai wafahamu anasema nini. Watazamaji hao wamekwisha kutoa hukumu juu ya jambo hili, na hukumu yao ni kwamba vazi la mgeni halimzuii mtu kuingia, bali ulimi usiofahamika.

Chunyu, likichukuliwa kama neno la Kiswahili, ni chumvi ibakiyo mwilini maji ya bahari yakisha kukauka. Mavazi ya sinema ni maji. Joho litakauka na gwanda litakauka. Kibakicho kwa mtazamaji ni maneno aliyoondoka nayo, ayarudie njiani na ayabishie nyumbani. Kwa kipimo hiki sinema zote mbili zimemwacha mtu wa kusini mkavu. Ila ya kwanza haikumtukana, kwani haikumtaja. Ya pili ilimtaja, ikamwonyesha kuwa ni kivuli.

Basi mashindano ya joho na gwanda na yaishe. Anayetaka kumleta Kaizari katika Afrika ya Mashariki na aianzie fasiri ya 1969. Wachezaji wavae watakavyo, kanga au majoho au suti. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani. Lakini Brutus na aseme mashaka yake kwa Kiswahili, na Antony auhutubie umati unaomfahamu kila neno, umati wenye jina na mahali, ambao waweza kudanganywa kwa sababu una akili, si kwa sababu una ngoma. Kisha picha hiyo ipelekwe Ruangwa na Nachingwea kabla ya kupelekwa kwenye maonyesho ya Ulaya, na watu wa Chunyu waulizwe kama Brutus alifanya haki. Mcheza kwao hutunzwa. Na atakayekosea mbele yao atasahihishwa na wenye kujua.